Kiu Kabla ya Mizani

Mpaka rangi alikuwa amekaa mahabusu vilevile alivyoachwa jana, mgongo ukutani na magoti kifuani, na chai aliyoletewa asubuhi ilikuwa imepoa bila kuguswa. Inspekta aliiangalia ile chai kwanza, kisha akamwangalia mwenyewe. Kituoni walimwita Kupe, mbele yake na nyuma yake, kwa sababu mwanamke yule akishang'ata kesi haachii mpaka ashibe. Hii ya mke wa mpaka rangi ilikuwa imemkaa vibaya mdomoni tangu mwanzo.

"Nieleze tena habari ya vidonge," alisema.

"Nimeshakueleza."

"Nieleze kama vile mimi ni mjinga."

"Dawa ni za mama. Ana presha, na miguu inamvimba. Nanunua, napeleka, basi. Mke wangu hakuwa na presha. Vilifikaje kwenye mkoba wake, sijui."

"Majirani wanasema ulikuwa ukimtania mwili wake."

"Na yeye alinitania kipara." Alijipangusa uso kwa kiganja. Kucha zake zilikuwa bado na rangi nyeupe ya kazi ya mwisho. "Siku hizi mtu akitaniana na mkewe anaambiwa kaua?"

Lililomuuma Kupe ni kwamba faili lilikuwa limekamilika. Wiki iliyopita mke wa bwana huyu, mshonaji wa nguo, alianguka kwenye ngazi za kliniki ya utafiti wa unene asubuhi ya kipimo cha mwisho, akakata roho kabla hajafikishwa mlangoni. Daktari aliyepasua maiti alisema mwili ulikuwa umekauka kama wa mtu aliyepotea jangwani, chumvi za damu zimevurugika, moyo ukasimama. Ndani mlikuwa na dawa ya kutoa maji mwilini, tena nyingi. Mkobani mwa marehemu mlikutwa ganda tupu la vidonge vya namna hiyo, na muuza dawa wa jirani akamtambua mume kuwa ndiye mnunuzi. Saa nane mchana faili lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka, na likishafika huko mpaka rangi angesomewa shitaka la kuua. Aliyemtia pingu alikuwa Kupe mwenyewe.

"Kunywa chai," alimwambia.

"Ya nini?"

Ndani ya gari Koplo, dereva na msaidizi wake, alikuwa na falsafa kama kawaida yake. "Afande, kesi imeiva. Kikulacho ki nguoni mwako. Tunazunguka tunatafuta nini?"

"Natafuta miguu ya bibi."

"Miguu?"

"Kama dawa zilimfikia, miguu haijavimba. Kama imevimba, dawa zilikwenda kwingine. Wewe ulikwenda kwake, ukamuuliza kama anakunywa dawa. Akakwambia anakunywa. Ukatoka."

"Alisema anakunywa, afande."

"Ndiyo maana leo tunaiuliza miguu."

Mama wa mpaka rangi aliishi chumba cha uani, nyuma ya nyumba ya binti yake. Alikuwa amekaa kitandani, na kandambili zake zilikuwa sakafuni, mikanda imekatwa kwa kisu ili mguu upite. Hata hivyo haukupita. Kupe alipiga goti, akaomba ruhusa, akabonyeza kidole juu ya kifundo cha mguu. Alipokiondoa, shimo lilibaki pale pale, na wote watatu wakaliona.

"Bibi, dawa unakunywa?"

"Nakunywa, mwanangu. Nusu nusu."

"Nani alisema nusu?"

"Binti yangu. Ndiye anayenihudumia. Alisema daktari kapunguza, kwamba nimepata nafuu." Bibi alitabasamu bila meno mengi. "Nafuu yenyewe ndiyo hii. Mwanangu wa kiume umemweka wapi? Kiti changu kimelegea, aliahidi kukigonga misumari."

Kupe alisema atamkumbusha. Uwongo mdogo ule ulimkera njia nzima.

"Binti," Koplo alisema wakiwa barabarani. "Wifi ya marehemu. Si naye yumo kwenye utafiti huohuo?"

"Yumo. Walijiandikisha pamoja."

"Basi kaka kamwambia dada ampunguzie mama, zile nyingine akamlisha mke."

"Au dada hakuhitaji kuambiwa na mtu. Endesha."

Kliniki ilikuwa jengo la ghorofa moja lililopakwa rangi ya kijani kibichi, lenye ngazi chache za mbele ambako mtu alikuwa ameweka chungu cha maua pale alipoanguka mshonaji. Kipimo cha mwisho kilikuwa kimeahirishwa kwa ajili ya msiba, na leo ndiyo ilikuwa siku yake. Utafiti wenyewe Kupe alikuwa ameshaelezwa, na haukuwa mgumu kuuelewa. Wafadhili walitaka kujua kama darasa la mazoezi, mapishi na mazungumzo linaweza kupunguza unene na kuzuia magonjwa yake. Basi watu wakagawanywa kwa kura. Kundi la kwanza likapewa darasa. Kundi la pili likapewa karatasi ya ushauri na kuambiwa kwaheri. Wenyewe waliitana Wanadarasa na Wanakaratasi.

Kwenye ukumbi wa mapokezi kulikuwa na vyumba viwili vya kungojea vinavyotazamana. Kupe alianza na cha kushoto, cha Wanakaratasi. Watu walikuwa wakipiga soga na kujipepea, maana joto lilikuwa la kukaanga. Mtungi mkubwa wa maji pale pembeni ulikuwa umefika nusu, vikombe vimelowa, na bwana mmoja alikuwa akijimiminia cha pili huku akilalamika kwamba hayana ubaridi.

Kisha akavuka kwenda cha kulia.

Humo hakukuwa na soga. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mabenchi mapana yasiyo na mikono, wote ndani ya suruali za mazoezi za kitambaa kimoja, zambarau. Kupe aliifahamu suruali ile. Ya marehemu ilikuwa kwenye mfuko wa vielelezo kituoni: maduka hayakuwa na saizi yao, basi mshonaji akawashonea wote. Mmoja alikuwa amevaa sweta nzito juu yake, na jasho lilikuwa likimtiririka shingoni. Mwingine alitemea mate kwenye leso, akaikunja haraka. Midomo yao ilikuwa imepasuka. Na mtungi wa maji ulikuwa umejaa hadi shingoni, vikombe vimepangwa juu yake, vikavu.

Kupe alichukua kikombe, akakijaza, akampa mwenye sweta.

"Sina kiu," alisema yule mama.

Akampa wa pili.

"Sina kiu, afande. Asante."

Akapita nacho benchi zima. Wote walikuwa hawana kiu. Alikuwa amewahi kuwasikia mashahidi walioambizana la kusema, lakini hawa walikuwa wanalisema huku macho yao yakikifuata kikombe kila kilikokwenda.

"Sweta ya nini na joto hili?"

"Homa."

"Na wewe leso?"

Mwenye leso aliificha nyuma ya mgongo. Kwenye benchi la mwisho, karibu na dirisha, alikaa wifi ya marehemu, mwanamke mpana mwenye uso wa haya, mikono mapajani. Macho yake hayakukifuata kikombe. Alikuwa akiangalia sakafu.

Kupe akaenda zake mlango wa pili kimyakimya, ambako muuguzi wa utafiti alikuwa akiifuta mizani. Ilikuwa mizani ya jukwaa, pana kama meza.

"Hakuna atakayepanda hapo leo," Kupe alisema.

Muuguzi aligeuka. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye viatu vya raba na sauti ya mwalimu wa chekechea. "Haiwezekani, afande. Tumeshaahirisha mara moja. Wafadhili wanangoja matokeo."

"Uliwaambia nini wanawake wale?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu wafadhili na mizani. Wamekaa mle wanakauka kama samaki, na maji yako hapo."

"Wanakauka..." Muuguzi alichungulia chumbani kupitia upenyo wa mlango. Kupe alimwona akihesabu kwa macho: sweta, leso, midomo, mtungi. Mtu anayejua kazi yake huwa haelezwi mara mbili. Kitambaa kilimponyoka mkononi.

"Uliwaambia nini?"

"Niliwatia moyo tu. Walikuwa wamekwama. Miezi ya kwanza walishuka vizuri, wote, halafu mizani ikagoma. Wakaanza kulia darasani. Nikawaambia..." Alikaa kwenye ukingo wa mizani, namba zikawaka nyuma yake. "Nikawaambia tujitahidini, kipimo cha mwisho kikiwa kizuri wafadhili hawatatuacha. Darasa litaendelea."

"Nani alikwambia litaendelea?"

"Hakuna."

"Basi ulilitoa wapi?"

"Nilidhani, afande. Kitu kikionekana kinafanya kazi, nani anakifunga?"

Kupe alimwacha amekaa pale, akamwagiza Koplo asimame mlangoni kwa Wanadarasa na asimruhusu yeyote kutoka, hata chooni asiende mtu peke yake. Akapanda kwa Profesa.

Profesa, mkuu wa utafiti, alikuwa mtu mfupi mwenye kikohozi na chumba kilichojaa maboksi yaliyofungwa kwa gundi. Kupe alikuwa na shaka naye tangu siku ya kwanza, na shaka yake ilikuwa na mantiki. Mwenye fedha anataka matokeo, mtafiti anataka fedha, na wagonjwa wasiopungua wanaweza kupunguzwa kwa dawa. Alikuja amejiandaa kumng'ata.

"Matokeo yakiwa mabaya, wafadhili wanakufanya nini?"

"Hawanifanyi kitu."

"Hawadai fedha zao?"

"Inspekta, hawalipii watu wapungue. Wanalipia kujua kama njia hii inapunguza. Ndiyo ni jibu. Hapana nayo ni jibu. Tena hapana ni jibu la maana, linazuia serikali nzima isimwage fedha kwenye darasa lisilosaidia."

"Kwa hiyo hukuwa na haja ya kumpa mtu dawa."

"Ningekuwa nimeuharibu utafiti wangu kwa mkono wangu. Dawa za nini?"

Kupe alimweleza: mtungi, midomo, ganda la vidonge. Profesa alisikiliza huku amefumba macho. Alipoyafumbua, yalikuwa mekundu.

"Kukwama ni kawaida," alisema. "Kila mwili unakwama. Hata kubaki pale walipofika, bila kurudi nyuma, kwangu kulikuwa ushindi. Presha zao zilishuka. Sukari zilishuka. Ningeandika hivyo."

"Uliwaambia?"

"Haturuhusiwi kuwaambia matokeo katikati. Wangebadilisha mwenendo."

"Wamebadilisha," Kupe alisema.

Profesa alikohoa kwa muda mrefu. Kupe aliyaangalia yale maboksi. Yaliandikwa kwa kalamu nene: mikeka, vyungu, kamba za mazoezi.

"Unahama?"

"Tunafunga. Fedha zilitolewa mpaka kipimo cha mwisho. Baada ya hapo ni mimi na kompyuta."

"Na darasa?"

"Darasa linaisha leo jioni."

"Hata wakipungua?"

"Wakipungua, wakinenepa, wakibaki vilevile. Lilikuwa jaribio. Majibu yakiwa mazuri, labda miaka ijayo mtu mwingine ataomba fedha za kulianzisha kwingine." Alishusha sauti. "Walisomewa hayo siku ya kwanza, na wakakubali. Siku ya kwanza mtu hasikii kitu. Anasikia tu kwamba kapata nafasi."

"Muuguzi wako hajui."

"Muuguzi anajua mkataba wake unaisha. Nadhani hakutaka kujua zaidi."

Kupe aliinuka. Alikuwa amekuja kutafuta mshenzi mmoja, na sasa alitamani sana angempata. Mshenzi anatiwa pingu, watu wanashusha pumzi, wanakwenda nyumbani. Hapa alikuwa ameshika watu wawili wenye roho nzuri.

Alimwita wifi kwenye chumba cha mapishi. Majiko yalikuwa yameshang'olewa, zimebaki meza ndefu na kiti kimoja kipana kisicho na mikono. Kupe alimwachia kiti hicho, yeye akakaa juu ya boksi. Kikombe cha maji alichobeba akakiweka mezani, katikati yao.

"Nimetoka kwa mama yako," alisema. "Miguu imevimba mpaka kandambili imekatwa."

Wifi alikisogeza kikombe pembeni.

"Anakupenda. Anasema unamhudumia vizuri. Anasema daktari alipunguza dawa. Nilimpigia daktari simu nikiwa ngazini, hajapunguza chochote."

Wifi aliinamia meza.

"Kaka yako yuko mahabusu siku zote hizi. Unajua?"

"Najua."

"Saa nane faili lake linaondoka. Likishaondoka siwezi kulirudisha. Chai hanywi. Nawe unakuja huku kupimwa uzito."

"Wewe na mwili huo utajua nini?" wifi alisema. Hakuwa na ukali, aliuliza tu. Kupe alijitazama. Alikuwa mwembamba tangu utoto, na hakuwa amewahi kulifikiria jambo hilo hata siku moja.

"Nieleze, basi."

"Wifi yangu aliugua kichwa mwaka juzi, nikampeleka hospitali kuu. Mizani yao ikagota mwisho. Wakaitana, wauguzi watatu, wakaja kuangalia. Halafu wakamwambia aende ghala la mizigo, kule kuna mizani ya magunia, akapimwe arudi na namba. Akaenda, afande. Akapanda palipopandishwa magunia, na wapagazi wakasimama kutazama. Akarudi na namba. Alikuwa anacheka, akasema wifi, mimi ni magunia mangapi leo. Usiku nikamsikia." Alimeza mate yasiyokuwepo. "Hapa walitutengenezea mabenchi. Hapa ukiingia hakuna anayegeuka. Alishona suruali, kila mwezi akawa anazipunguza kiuno kwa mkono wake, mshono juu ya mshono. Alikuwa anaimba."

Kupe alikumbuka suruali ya kwenye mfuko wa vielelezo. Ndani ya kiuno kulikuwa na mishono mingi iliyofuatana, mmoja ndani ya mwingine, na yeye aliipita akidhani ni mazoezi ya mwanafunzi wa ushonaji. Alijiona hana akili.

"Kisha mkakwama."

"Tukakwama. Na Sista, yule muuguzi, akasema kipimo kikiwa kizuri hawatatuacha."

"Nani alianza habari ya vidonge?"

"Hakuna aliyeanza. Mmoja alisema mumewe akinywa za presha anashuka kilo mbili siku hiyohiyo, ni maji tu. Tukacheka. Wiki iliyofuata kila mmoja kaleta kutoka kwao. Huyu za mume, huyu za baba. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ilikuwa ni kwa siku ya kupimwa tu, halafu tuache."

"Na za mama yako akapewa wifi yako."

Wifi aliikandamiza mikono juu ya mapaja. "Alikuwa amebaki nyuma kuliko wote. Alisema darasa likifungwa itakuwa ni kwa sababu ya kiuno chake. Aliniomba nimwongezee. Mimi ndiye niliyemhesabia mkononi. Mimi, afande. Asubuhi ile moyo ulimwenda mbio tangu nyumbani, nikamwambia vumilia, tukishuka kwenye mizani tutakunywa maji tukae tucheke."

Kupe alikirudisha kikombe karibu naye.

"Alivyoanguka nilijua."

"Mbona mmeendelea? Mle ndani wana dawa tumboni sasa hivi."

"Tungeachaje? Tungeacha, basi kafa bure."

"Na kaka yako?"

"Nilisema kipimo kipite kwanza. Kikishapita nije kituoni kwa miguu yangu. Wiki moja tu. Kaka ni mvumilivu." Kwa mara ya kwanza sauti ilimkatika. "Mama alikuwa ananiuliza kila asubuhi, kaka yako atanigongea kiti lini."

Nje gari la wagonjwa lilisikika likikata kona. Kupe alikuwa ameliita kabla ya kushuka kutoka kwa Profesa. Alitoa simu, akampigia mwenye faili kituoni, akasema maneno machache: faili lisiondoke, mpaka rangi afunguliwe. Wifi alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Leo?"

"Sasa hivi."

"Atauliza ni nani."

"Atauliza."

"Mwambie wewe. Mimi sitaweza." Alinyoosha suruali yake magotini, kitambaa cha zambarau kilichoshonwa na marehemu. "Nitafungwa?"

"Sijui sheria itaiita nini. Utakwenda nami."

"Haya. Lakini mizani si itafunguliwa? Nikiwa sipo mimi, wenzangu wamejitahidi. Mmoja akipungua kwenye hesabu si wanaweza kusamehe? Darasa litabaki?"

Katika miaka yake yote ya kazi Kupe alikuwa na sheria moja, kwamba aliyekwambia ukweli na wewe unamwambia ukweli. Aliangalia maboksi, kamba za mazoezi, alama nyeusi ukutani palipokuwa na majiko.

"Linafungwa leo jioni," alisema. "Lilipangwa kufungwa leo tangu siku ya kwanza. Mngepungua, msingepungua, lingefungwa. Wafadhili walitaka jibu, na jibu lolote lingewatosha."

Wifi alimtazama kana kwamba anasubiri sehemu iliyobaki ya maelezo.

"Lolote?"

"Lolote."

"Hata tusingekunywa kitu?"

"Hata msingekunywa kitu. Profesa anasema mlikuwa mmeshashinda."

Mwanamke yule hakulia. Alikaa tu, na kiti kikalia chini yake kidogo, kisha kikatulia. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa ndogo na yenye mpango, kama ya mtu anayegawa kazi za msibani.

"Wenzangu wanajua?"

"Bado."

"Usiwaambie. Waambie limefungwa kwa sababu yangu. Sema niliiba dawa za mama, nikaua, wafadhili wakakasirika. Watanichukia, wachukie. Mtu akiwa na wa kumchukia anaamka asubuhi."

"Siwezi kusema hivyo."

"Basi usiseme kitu, afande. Niachie mimi."

Kupe alimfungulia mlango. Wanadarasa waliinua nyuso zote mara moja. Muuguzi alikuwa amepiga magoti mbele ya mwenye sweta, ameshika mkono wake, anasikiliza mapigo ya moyo, na wahudumu wa gari walikuwa wakiingia na machela. Koplo alikuwa amejaza vikombe vyote na kuvipanga kwenye benchi, kwa mstari, kama mtu anayeandaa karamu. Hakuna aliyekuwa amekigusa hata kimoja.

"Mizani inafunguliwa saa ngapi?" mwenye leso aliuliza. Hakumwuliza Kupe. Alimwuliza wifi.

Wifi alisimama katikati ya chumba. Kupe aliona anatafuta maneno yake yale, ya kuiba na ya kuua, na aliona yanamkataa. Alifumbua mdomo, akaufumba. Kisha akainama taratibu, akachukua kikombe kilichokuwa karibu naye, akakipeleka mdomoni mbele yao wote, akanywa. Alikunywa mpaka mwisho, akakirudisha kwenye benchi, akachukua cha pili.

Mwenye sweta ndiye aliyeanza kulia, kabla hajaambiwa neno lolote.